Maisha ya Joseph Joachim, Mpiga Fidla

Fidla si chombo kigeni kwetu. Ye yote aliyepata kuhudhuria harusi yenye taarabu amewaona wapiga fidla wameketi safu moja, chombo chini ya kidevu, wakiuvuta upinde juu ya nyuzi nne. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaojua habari za watu waliokipa chombo hicho sifa kubwa huko Ulaya kilikotengenezwa. Katika kurasa hizi nataka kuwasimulia wasomaji maisha ya mmoja wao, Joseph Joachim, mzaliwa wa Hungaria, aliyeishi toka mwaka 1831 mpaka mwaka 1907, na ambaye alipiga fidla mbele ya watu kwa zaidi ya miaka 60.

Sikumchagua kwa sababu alipiga upesi kuliko wengine, wala kwa sababu alisifiwa na wafalme, ingawa alisifiwa kweli. Nimemchagua kwa sababu alikuwa na uwezo wa kujitafutia makofi kwa ajili yake mwenyewe tu, naye akakataa. Kipaji alichopewa alikihesabu kuwa ni amana, akakitumia kuinua kazi za watu wengine. Na pale alipoiacha desturi hiyo akajiangalia nafsi yake, alipata hasara kubwa, kama tutakavyoona.

UTOTO WAKE

Joachim alizaliwa tarehe 28 Juni, 1831, katika kijiji cha Kittsee. Siku hizo kijiji hicho kilikuwa katika nchi ya Hungaria, chini ya utawala wa Kaisari wa Austria. Leo kimo ndani ya Austria yenyewe. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na baba yake alikuwa mfanya biashara ya sufi ya kondoo. Joseph alikuwa mtoto wa saba kati ya watoto wanane. Alipokuwa na umri wa miaka miwili familia yote ilihamia Pest, mji ulio kando ya mto Danube. Baadaye, mwaka 1873, mji huo uliunganishwa na mji wa Buda wa ng'ambo ya pili, ukawa Budapest.

Nyumbani kwao hapakuwa na mwana muziki wa kazi, lakini dada yake mmoja alipenda kuimba, na yule mtoto akawa akisikiliza bila kuchoka. Baba yake alipoona hivyo akamnunulia fidla ya kuchezea sokoni. Kumbe kile kidude cha watoto ndicho kilichokuwa mwanzo wa safari ndefu. Wazazi hawakukawia kutambua kwamba mtoto wao hakuwa akicheza tu. Wakamtafutia mwalimu aliye bora kuliko wote katika mji ule, Mpolandi aitwaye Serwaczyński, aliyekuwa kiongozi wa wapiga fidla wa jumba la michezo ya kuimba. Tarehe 17 Machi, 1839, Joseph alisimama kwa mara ya kwanza mbele ya watu akapiga fidla pamoja na mwalimu wake. Alikuwa hajatimiza miaka minane.

MKONO MGUMU

Mwaka huo huo jamaa zake walimchukua Vienna, mji mkuu wa Austria, mahali ambapo watunzi wakubwa wa muziki kama Haydn, Mozart na Beethoven walifanyia kazi zao. Huko alipelekwa kwa mwalimu mwenye sifa, Georg Hellmesberger. Mwalimu huyu alimfundisha kwa miezi kadha, kisha akatoa hukumu ya kutisha. Alisema kwamba mkono wa kulia wa mtoto huyu, ule unaoshika upinde, ulikuwa mgumu mno, na kwamba kwa ugumu ule hangeweza kamwe kuwa mpiga fidla wa maana.

Hebu mfikirie mtoto wa miaka minane au tisa, yuko mbali na nyumbani, anasikia maneno hayo kutoka kwa mtu anayeheshimiwa na mji mzima. Wazazi wake nao wakavunjika moyo, wakawaza kumrudisha Pest wakamtafutie kazi nyingine. Lakini kwa bahati njema, wakati ule alikuwako Vienna mpiga fidla mashuhuri aitwaye Heinrich Wilhelm Ernst. Ernst alimsikiliza mtoto, akawashauri jamaa zake wasikate tamaa, bali wampeleke kwa Joseph Böhm, ambaye alikuwa amemfundisha Ernst mwenyewe.

Böhm alikuwa mtu mzima aliyepata kumjua Beethoven na kupiga tungo zake wakati mwenyewe angali hai. Alimpokea Joseph nyumbani kwake, akakaa naye kama mtoto wa nyumba. Mke wa Böhm ndiye aliyesimamia mazoezi yake kila siku, akihakikisha kwamba hayakatizwi. Ule mkono ulionenwa kuwa hauna dawa ulifunguliwa kidogo kidogo, zoezi kwa zoezi, mwaka baada ya mwaka. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Baadaye mkono ule ule ndio uliosifiwa Ulaya nzima kwa namna ulivyouvuta upinde. Mwalimu wa kwanza aliuona ugumu uliokuwako, na kwa hilo hakukosea. Alikosea alipofikiri kwamba ugumu ule ungekuwako siku zote.

MENDELSSOHN NA SAFARI YA LONDON

Mwaka 1843 Joseph, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, alikwenda Leipzig katika Ujerumani. Mtu mkubwa wa muziki katika mji huo alikuwa Felix Mendelssohn, mtunzi na mwongoza okestra, ambaye mwaka ule ule alifungua chuo cha muziki. Okestra ni kundi kubwa la wapiga ala wa kila aina, wanaopiga pamoja chini ya mtu mmoja anayewaongoza kwa kifimbo. Jamaa za Joseph walitaka aingie katika chuo kile kipya. Mendelssohn alimpima, kisha akasema kwamba kwa upande wa fidla mtoto huyu hakuhitaji chuo; aendelee kujizoeza mwenyewe, na mara kwa mara ampigie mwalimu Ferdinand David asahihishwe. Alichohitaji zaidi, kwa maoni ya Mendelssohn, ni masomo ya kawaida kama watoto wengine, ili akili yake ikue pamoja na vidole vyake. Basi akatafutiwa mwalimu wa masomo hayo. Jambo hili tulifikirie sisi tulio shuleni, maana wako wanaodhani kwamba mwenye kipaji hana haja ya kitabu.

Mwaka uliofuata Mendelssohn alimchukua London. Huko palikuwa na chama kikubwa cha muziki, Philharmonic Society, ambacho kilikuwa na kanuni ya kuwakataa watoto wa ajabu. Wakati ule watoto wa namna hiyo walikuwa wengi. Walizungushwa mji hata mji na wazazi wao wapate fedha, na wengi wao walizimika kama kibatari kilichokwisha mafuta. Kwa ajili ya Joseph kanuni ile iliwekwa kando.

Tarehe 27 Mei, 1844, alisimama mbele ya okestra, Mendelssohn akiongoza, akapiga utungo mkubwa wa Beethoven wa fidla na okestra. Utungo huu ulipigwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1806, lakini haukupendwa sana, na kwa miaka karibu arobaini wapiga fidla wengi waliupita tu. Ni mrefu, umetulia, wala haumpi mpigaji nafasi nyingi za kujionyesha. Joseph, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka kumi na mitatu, aliupiga wote kwa moyo bila kutazama karatasi. London nzima ikashangaa. Tangu siku ile utungo huo ulirudishiwa heshima yake, na leo hapana mpiga fidla mkubwa po pote duniani asiyejifunza.

Yafaa tufahamu kwa nini tendo hilo lilikuwa kubwa. Katika siku zile jina lililotawala fidla lilikuwa la Mwitalia Niccolò Paganini, aliyefariki mwaka 1840. Paganini alikuwa na ufundi usiokuwa na kifani, na wengi waliomfuata waliiga ule ufundi wa kustaajabisha tu: kuruka huku na huku juu ya nyuzi, kupiga kwa uzi mmoja, kuwafanya watu wapige kelele za mshangao. Watu walikwenda kumtazama mpigaji, si kusikiliza muziki. Joachim aliligeuza jambo hilo. Alisimama wima, hakujitikisa, wala hakufanya madoido. Alitaka watu wamsahau yeye, wamsikie Beethoven. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

RAFIKI ZAKE

Mendelssohn alifariki mwaka 1847, akiwa na umri wa miaka 38 tu, na Joachim akabaki kama mtoto aliyefiwa na baba. Mwaka 1850 alikwenda Weimar kuwa kiongozi wa wapiga fidla chini ya Franz Liszt, Mhungaria mwenzake, mpiga piano aliyekuwa na sifa kuliko wote Ulaya. Liszt alimtendea wema mwingi, lakini kadiri miaka ilivyopita Joachim aliona kwamba muziki mpya wa Liszt haumwingii moyoni. Angeweza kunyamaza na kuendelea kula matunda ya urafiki ule. Badala yake, mwaka 1857, alipokuwa amekwisha ondoka Weimar, alimwandikia barua akamweleza ukweli kwa adabu. Urafiki wao ukapoa kwa miaka mingi.

Mwanzo wa mwaka 1853 Joachim aliajiriwa na Mfalme George wa Tano wa Hannover, mfalme aliyekuwa kipofu na aliyependa sana muziki. Katika mwaka huo alijiwa na kijana mmoja kutoka Hamburg, mwembamba, mwenye haya, umri wake miaka 20. Alikuja pamoja na mpiga fidla Mhungaria, Reményi, aliyesoma Vienna wakati mmoja na Joachim. Yule kijana alikuwa mtoto wa maskini, na hapana mtu aliyemjua. Jina lake lilikuwa Johannes Brahms. Alipoketi kwenye piano akapiga tungo zake mwenyewe, Joachim, ambaye alimzidi miaka miwili tu, alitambua mara moja kwamba hapa pana mtu mkubwa kuliko yeye.

Mtu mwenye kijicho angemficha. Joachim alimpa barua za kumjulisha kwa wakubwa, akakaa naye wakati wa kiangazi katika mji wa Göttingen, kisha akamhimiza aende Düsseldorf kwa mtunzi Robert Schumann na mkewe Clara, mpiga piano hodari. Schumann aliposikia tungo za yule kijana, aliandika katika gazeti la muziki, mwezi wa Oktoba, 1853, kuutangazia ulimwengu kwamba mtunzi mkubwa amezaliwa. Ndivyo Brahms alivyojulikana. Mlango uliomfungulia njia ulishikwa na Joachim.

Mwezi ule ule rafiki hawa walimfanyia Joachim mzaha wa mapenzi. Wakati ule Joachim alipenda kusema kwamba yeye ni mtu huru lakini mpweke, na kwa Kijerumani maneno hayo matatu huanza kwa herufi F, A na E. Wajerumani huziita sauti za muziki kwa herufi, basi Schumann, Brahms na mwenzao Albert Dietrich walitunga kwa pamoja utungo wa fidla na piano wenye sauti hizo tatu ndani yake. Wakamtaka Joachim aupige, kisha aseme ni sehemu ipi iliyotungwa na nani. Akaupiga pamoja na Clara Schumann, akawataja wote bila kukosea.

Furaha ile haikudumu. Mwezi wa Februari, 1854, Schumann alipatwa na ugonjwa wa akili, akajitupa katika mto Rhine. Aliokolewa, akapelekwa hospitali, na huko akafariki mwaka 1856, akamwacha Clara na watoto wengi. Joachim na Brahms hawakumtupa. Walimtembelea mgonjwa, wakamsaidia mjane, na kwa miaka mingi Joachim alisafiri na Clara kupiga muziki pamoja naye. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Katika siku hizo Joachim na Brahms waliwekeana pia sharti la masomo. Kila mmoja alitakiwa kumpelekea mwenzake kwa posta mazoezi ya utunzi, asahihishwe. Aliyechelewa alitozwa faini ya taler moja, nayo ilikuwa fedha ya Ujerumani ya siku zile, na mwenzake aliitumia kununulia vitabu. Hao walikuwa watu waliokwisha kuwa na majina, lakini hawakuona aibu kusahihishana kama wanafunzi.

KUACHA KAZI KWA AJILI YA MWENZAKE

Joachim mwenyewe alitunga muziki pia, na utungo wake ulio mkubwa kuliko yote ni ule wa fidla na okestra kwa mtindo wa Kihungaria, uliochapishwa mwaka 1861. Aliutunga kwa ajili ya Brahms, ingawa ndani yake mna sauti za nchi yake mwenyewe. Mwaka 1863 alimwoa Amalie, mwimbaji mwenye sauti nzito na nzuri, ambaye kwa ajili ya ndoa aliacha kuimba katika michezo ya jukwaani, akabaki kuimba katika matamasha tu. Walipata watoto sita.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, lapasa kukumbukwa kuliko makofi yote ya London. Katika okestra ya Mfalme wa Hannover alikuwamo mpiga fidla hodari, Jakob Grün, Mhungaria na Myahudi. Alistahili kupandishwa cheo, na Joachim alikuwa akiamini kwamba atapandishwa. Lakini wakubwa wa jumba la mfalme walikataa, na sababu ilikuwa moja tu, kwamba Grün ni Myahudi.

Joachim naye alizaliwa Myahudi, ila mwaka 1855 alikuwa amebatizwa katika dini ya Kikristo, na mfalme na malkia ndio waliosimama kuwa wazazi wake wa ubatizo. Angeweza kusema kwamba jambo la Grün halimhusu. Yeye alikuwa na cheo, mshahara mwema, nyumba, mke kijana na mtoto mdogo. Lakini aliona kwamba akinyamaza, itakuwa kama kwamba alibatizwa ili apate faida ya dunia, na kwamba anakula chakula ambacho mwenzake amenyimwa kwa sababu ya kuzaliwa kwake tu. Mwaka 1865 aliacha kazi ya mfalme. Grün baadaye alikwenda Vienna, akawa kiongozi wa wapiga fidla wa jumba la Kaisari na mwalimu wa wengi. Haki aliyonyimwa Hannover aliipata kwingine.

MWALIMU WA BERLIN

Mwaka 1866 nchi ya Hannover ilitekwa na Prussia, na mfalme wake akaondolewa. Miaka miwili baadaye Joachim alihamia Berlin, mji mkuu wa Prussia. Mwaka 1869 serikali ilifungua chuo kipya cha muziki, akawekwa kuwa mkuu wake. Kilianza na wanafunzi wachache. Alikitumikia mpaka siku ya kufa kwake, miaka 38.

Wanafunzi walimjia kutoka nchi nyingi. Leopold Auer alikuwa amekwisha soma kwake tangu Hannover. Huyu alikwenda St Petersburg katika Urusi akafundisha wapiga fidla ambao sifa zao zilienea dunia nzima, akiwamo Jascha Heifetz. Jenő Hubay alitoka Hungaria, akarudi kwao akajenga shule ya fidla ya Budapest. Maud Powell alitoka Marekani. Marie Soldat alitoka Austria, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupiga mbele ya watu utungo mgumu wa Brahms wa fidla na okestra, katika siku ambazo wengi walidhani kwamba fidla haimfai mwanamke. Hivyo mafundisho ya Böhm kwa mtoto mwenye mkono mgumu yalipita kwa Joachim, yakaenea mbali sana.

Mwaka ule ule wa 1869 aliunda kundi la watu wanne: fidla mbili, fidla kubwa kidogo iitwayo viola, na selo, ambayo ni kubwa zaidi na hupigwa kwa kuketi. Kundi hili lilipiga Berlin kila mwaka, na katika miji mingi ya Ulaya, tungo za Haydn, Mozart, Beethoven na Brahms. Tungo za mwisho za Beethoven, ambazo watu wengi walisema hazieleweki, zilieleweka zilipopigwa na watu hawa. Pia Joachim alizitoa gizani tungo za Bach za fidla peke yake, zilizotungwa zaidi ya miaka mia moja nyuma, ambazo wengi walizihesabu kuwa mazoezi ya shule tu.

Brahms alipotunga utungo wake wa fidla na okestra, katika mwaka 1878, alimpelekea Joachim karatasi za fidla ili amwambie pale palipo pabaya au pasipopigika. Brahms hakuwa mpiga fidla, na mara nyingine alimwuliza rafiki yake shauri, kisha akafuata lake. Tarehe 1 Januari, 1879, utungo huo ulipigwa kwa mara ya kwanza mjini Leipzig, fidla ikiwa mikononi mwa Joachim, na Brahms mwenyewe akiongoza okestra.

WIVU NA HASARA YAKE

Lakini binadamu hakosi ila, na haifai kuandika maisha ya mtu kama kwamba alikuwa malaika. Ila ya Joachim ilikuwa wivu. Yule aliyewaamini watunzi wake kwa moyo wote hakuweza kumwamini mkewe. Alimshuku Amalie kwamba ana uhusiano na Fritz Simrock, mchapishaji wa tungo za Brahms. Brahms aliwajua wote watatu, akaona kwamba shaka ile haina msingi. Akamwandikia Amalie barua ndefu ya kumtuliza, akamwambia kwamba anaamini hana hatia.

Joachim alipotaka talaka mahakamani, Amalie aliitoa barua ile kuwa ushahidi, na mahakama ikaona kwamba mke hana kosa. Mwaka 1884 ndoa ikavunjika. Joachim aliposikia maneno ya Brahms yakisomwa dhidi yake, alijiona amesalitiwa, na urafiki wa miaka thelathini ukakatika. Hasira hasara. Katika jambo moja alipoteza mke, amani ya nyumba, na rafiki aliyempenda kuliko wote.

Hata hivyo, angalieni neno hili. Katika miaka yote ile ya kutosemezana, Joachim hakuacha kupiga tungo za Brahms. Alimkasirikia mtu, lakini hakuiadhibu kazi yake. Naye Brahms alijua hivyo. Mwaka 1887 alitunga utungo wa fidla na selo pamoja na okestra, akampelekea Joachim neno kuhusu utungo huo. Joachim akakubali. Tarehe 18 Oktoba, 1887, mjini Cologne, aliupiga pamoja na Robert Hausmann, mpiga selo wa kundi lake, na Brahms akaongoza. Clara Schumann aliyewajua tangu ujana wao aliuona utungo huo kuwa wa kupatanisha. Urafiki haukurudi kuwa ule wa kwanza, lakini mlango uliokuwa umefungwa ulifunguliwa tena, nao wakabaki rafiki mpaka Brahms alipofariki mwaka 1897.

UZEE NA MWISHO WAKE

Mwaka 1889, ilipotimia miaka 50 tangu alipopiga kwa mara ya kwanza mbele ya watu, rafiki zake wa Uingereza walichanga fedha wakampa fidla iliyotengenezwa mwaka 1715 na Antonio Stradivari, fundi mkuu wa mji wa Cremona katika Italia. Mwaka 1961 mji wa Cremona uliinunua, ikarudi mahali ilipochongwa. Mwaka 1904 London ilimfanyia sherehe ya miaka 60 tangu alipopiga utungo wa Beethoven akiwa mtoto. Waziri Mkuu, Arthur Balfour, ndiye aliyesimamia sherehe hiyo, na Joachim akakabidhiwa picha yake iliyochorwa na John Singer Sargent.

Mwaka 1903, akiwa na umri wa miaka zaidi ya sabini, alikubali kupiga mbele ya mtambo mpya wa kunasa sauti. Pande tano za santuri zilipatikana: mbili za muziki wa Bach, mbili za ngoma za Kihungaria zilizotungwa na Brahms, na moja ya utungo wake mwenyewe. Sauti ni nyembamba, tena zina mkwaruzo wa sahani za kale, na vidole vya mzee vilikuwa vimeanza kuchoka. Lakini santuri hizo zingali zinasikika leo. Hata hapo, katika pande tano, nne alizitumia kwa kazi za watu wengine.

Joseph Joachim alifariki Berlin tarehe 15 Agosti, 1907, akiwa na umri wa miaka 76.

Tunapotazama maisha yake yote, twaona kwamba tungo alizoziandika mwenyewe hupigwa mara chache siku hizi. Lakini kila mara utungo wa Beethoven au wa Brahms wa fidla unapopigwa mahali po pote, kazi ya Joachim imo ndani yake, hata kama jina lake halitajwi. Na kama kuna mwanafunzi miongoni mwetu aliyeambiwa leo kwamba mkono wake ni mgumu, au kichwa chake ni kizito, basi na amkumbuke yule mtoto wa Vienna, pamoja na mwalimu Böhm aliyempokea, na mama yule aliyesimamia mazoezi yake kila siku bila kuchoka.